Unataka XL au DT ya zamani Mpanda? Anza na kadi, injini baadaye

Lami imebadilisha ndoto za watu wa Katavi. Kutoka Mpanda kwenda Tabora kwa barabara ya Koga na Sikonge ni zaidi ya kilomita 300, na siku hizi mtu anaikata mchana mmoja akiwa peke yake na begi mgongoni. Upande wa Sumbawanga nako lami imesogea, ingawa kipande cha Sitalike hadi Kibaoni, kile kinachopita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kwa miaka mingi kilibaki vumbi wakati pande zote mbili zinateleza.

Ndiyo maana kijana mwenye Boxer ya kazi sasa anatamani chuma cha pili, pikipiki ya safari. Na macho yanaenda kwenye mashine za Kijapani za zamani: Honda XL, Yamaha DT, Suzuki TF. Ni zile walizotumia mabwana shamba, wauguzi, mapadri na watu wa miradi kufika vijijini kabla Boxer na TVS hazijajaa mtaani. Ziko juu, zina tairi kubwa la mbele, na zikipita kila mtu anageuka.

Tatizo ni kwamba wengi wanaponunua wanaanza na injini. Wanaipiga kiki, inaunguruma vizuri, wanatoa hela. Injini mbovu fundi anaifufua. Kadi mbovu hakuna fundi wa kuifufua, na spea isiyopatikana itaifanya pikipiki yako kuwa banda la kuku.

Je, zile kubwa za mbio na safari?

Kuna wanaoziona mtandaoni na kuuliza. Hizi ni pikipiki zilizotengenezwa kwa kasi kubwa na safari ndefu kwa wakati mmoja, zenye kava kubwa la mbele la kukinga upepo. BMW R100RS ilitoka 1976, Kawasaki GPZ900R ikaja 1984, Honda VFR750F ikafuata 1986. Ni vyuma vya heshima na leo vinatafutwa duniani kama vitu vya kale.

Kwa Katavi, hapana. Zina uzito unaozidi kilo 200, tumbo liko karibu na ardhi, na ekzosi zinapita chini. Kwenye lami ya Koga utafurahi. Ukichepuka kwenda Karema au Mishamo wakati wa masika, utatafuta watu wanne wa kukunyanyua kwenye tope. Na siku kabureta nne zikipoteza ulinganifu, fundi wa kuzipanga utamsafiria.

Kuna mtego mwingine hapa, na huu ni mkubwa. Njia ya Kigoma, Mpanda na Sumbawanga hupitwa na wasafiri wa kigeni wanaoshuka kusini mwa Afrika kwa pikipiki. Mara moja moja mmoja anachoka, anaumwa au injini inakufa, na pikipiki inauzwa kwa bei ya kutupa. Pikipiki ya namna hiyo kwa kawaida imeingia nchini kwa kibali cha muda cha forodha, maana yake haijalipiwa ushuru na inatakiwa kutoka tena. Namba yake ni ya nje. Ukiinunua bila forodha kuhusika umenunua mzigo wa kukamatwa, hata kama mwenyewe alikupa kwa roho safi na akakuandikia barua.

Kadi kwanza

Turudi kwenye XL na DT zetu. Kabla hujaomba funguo, omba kadi halisi. Kivuli hakitoshi, picha ya WhatsApp ndiyo kabisa.

Shika kadi, inama, tafuta namba ya fremu. Kwenye pikipiki nyingi za aina hii imegongwa kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapogeukia. Futa grisi na vumbi kwa kitambaa, usione aibu. Soma tarakimu moja moja. Angalia kama kuna alama ya kusagwa, rangi mpya mahali hapo tu, au tarakimu zisizokaa mstari mmoja. Ukiona hivyo, shukuru, aga, ondoka.

Kisha namba ya injini. Hapa ndipo XL nyingi zinapoangukia. Injini ya asili ilipochoka, fundi aliweka injini ya Kichina ya cc 125, ile iliyonakiliwa kutoka Honda CG125. Kiufundi si dhambi, tena spea zake zinapatikana kila kona. Lakini kadi bado inasema namba ya injini iliyokufa. Ukinunua hivyo bila mabadiliko kuandikishwa TRA, siku ya kuhamisha umiliki au siku ya kusimamishwa barabarani maelezo utayatoa wewe.

Jina kwenye kadi nalo lina hadithi yake. Pikipiki hizi zimepita mikono mingi. Unaweza kukuta kadi ina jina la mtu aliyehama Mpanda zamani, na kati yake na muuzaji wako kuna watu watatu waliouziana kwa maneno tu. Muuzaji atakwambia, "Mdogo wangu, huyo mzee ninamfahamu, hakuna shida." Mjibu kwa adabu: "Sawa kaka, basi tumpigie aje asaini." Kama hapatikani, na kama amefariki na familia haina barua za mirathi, bei iwe ya spea, isiwe ya pikipiki.

Na kama anayeuza ni dereva wa bodaboda, uliza kama amemaliza mkataba. Madereva wengi wanaendesha kwa makubaliano ya kumlipa tajiri kidogo kidogo mpaka chombo kiwe chao. Kabla ya hapo kadi iko kwa tajiri, na dereva hana cha kukuuzia.

Ilikuwa ya nani zamani?

Swali hili watu hawaulizi, na lina hela ndani yake. Namba za DFP ni za miradi ya wafadhili, STK ni za serikali, SU ni za mashirika ya umma. Pikipiki nyingi za mradi ziliingia nchini kwa msamaha wa kodi. Msamaha huo ni wa mradi. Chombo kikiuzwa kwa mtu asiye na msamaha, kodi inadaiwa. Kwa hiyo kama muuzaji anasema "hii ilikuwa ya mradi, haijachoka", jibu lako liwe kuomba stakabadhi za kodi iliyolipwa.

Ya serikali hutoka kwa mnada. Aliyeshinda mnada ana karatasi za malipo na za kukabidhiwa chombo. Kama hana, umesikia hadithi tu.

Ukiwa na namba ya usajili, kaa pembeni na simu yako dakika tano. Kwenye mfumo wa polisi wa usalama barabarani, tms.tpf.go.tz, unaingiza namba na kuona faini zisizolipwa. Bima nayo inahakikiwa mtandaoni kwenye mfumo wa TIRA. Faini ni za kukatwa kwenye bei, usizirithi bure.

Spea: tembea dukani kabla ya kulipa

Mpanda ina maduka ya spea ya kutosha, ila yamejaa vitu vya Boxer, TVS na za Kichina. Ndiyo biashara inayotembea. Kwa XL au DT, kuna vitu utavipata hapo hapo na vingine utavisubiri kutoka Kariakoo kwa basi.

Beringi si tatizo. Zina namba zilizogongwa ubavuni, na ukitaja namba dukani unapewa bila kujali pikipiki ni ya mwaka gani. Cheni saizi 428 hutumika kwenye 125 nyingi. Plagi, nyaya za klachi, balbu, hivyo vinapatikana au vinafanyiwa ujanja.

Vya kuogopa ni tairi la mbele, pistoni na vitu vya umeme. DT na XL nyingi zina rimu ya mbele ya inchi 21, wakati Boxer iko kwenye 17. Soma ubavuni mwa tairi, andika saizi, kaulize madukani kama ipo leo. Jibu la "tunaagiza" liingize kwenye hesabu. Kuhusu umeme, nyingi za miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 zilitumia volti 6. Ukiweka balbu ya volti 12 inawaka kama kibatari. Wengine wamebadilisha mfumo kuwa volti 12. Fungua kiti, soma betri, kisha angalia waya: zikiwa zimefungwa kwa nailoni na selotepu kila baada ya sentimita kumi, utatembea usiku bila taa siku moja.

Tuseme unaambiwa 1,800,000. Matairi yote mawili yamekwisha, sproketi ina meno kama msumeno, na silinda inahitaji kuchongwa. Uliza bei ya kila kimoja kabla hujarudi kwa muuzaji. Mara nyingi utagundua kuwa pikipiki "ya bei rahisi" ndiyo ya bei kubwa kuliko ile ya jirani aliyekataa kushusha.

Sasa injini

Mwambie mwenyewe mapema usiwashe mpaka ufike. "Shikamoo mzee, naomba niikute ikiwa ya baridi." Ukifika, gusa silinda kwa nyuma ya mkono. Ikiwa ya moto, kuna kitu kinafichwa, na mara nyingi ni kuwaka kwa shida asubuhi.

Moshi unasomeka tofauti. XL ni injini ya mizunguko minne, inayomwagiwa oili chini kama Boxer. Ikitoa moshi wa bluu, inakula oili, na ringi au vavu zinahusika. DT na TF za zamani ni za mizunguko miwili, zinachoma oili pamoja na petroli, kwa hiyo moshi mwepesi ni kawaida yake. Moshi mzito usiokata hata baada ya injini kupata moto, huku oili ya gia boksi ikipungua, unaonyesha sili ya krenki imekufa. Hiyo ni kazi ya kupasua injini nzima.

Kwa DT uliza pia kuhusu pampu ya oili. Kiwandani zilikuja na tenki dogo la oili na pampu inayopima yenyewe. Nyingi zimeng'olewa pampu na mwenyewe anachanganya oili kwenye petroli. Si ubovu, ila lazima ujue. Ukijaza petroli tupu pale Sikonge ukidhani pampu ipo, pistoni itanata kwenye silinda kabla hujafika mbali.

Fremu ichunguze kwa jicho la nyuma. Simama hatua tano nyuma ya pikipiki: tairi mbili zikae mstari mmoja. Angalia shingo na sehemu ya kiti kama zimechomelewa. Shikilia tairi la nyuma, lisukume kushoto na kulia. Likicheza, bushi za mkono wa nyuma zimeisha. Bonyeza shokapu za mbele mara kadhaa, kisha angalia kama oili imevuja kwenye vyuma.

Halafu endesha, ukiwa na kofia ngumu, na umwachie muuzaji kitu cha dhamana ili naye awe na amani. Mzunguko wa mjini hautoshi. Nenda angalau robo saa kwenye barabara wazi, pandisha gia zote, sikiliza kama inachomoka kwenye gia yenyewe ukiongeza mafuta. Rudi, zima, subiri dakika tano, washa tena ikiwa ya moto. Zinazokataa kuwaka zikiwa za moto ndizo zitakazokuacha katikati ya pori la Koga.

Kuhusu rangi: kama utapita hifadhini mara kwa mara, mbung'o huvutwa na bluu na nyeusi. Yamaha ya bluu ni nzuri kwa picha tu.

Leseni na siku ya malipo

Angalia leseni yako. Daraja A1 ni la pikipiki ndogo, zisizozidi cc 125. XL 185 au DT 175 inakutaka uwe na daraja A, hata kama kwa macho inafanana na ndogo yake.

Siku ya kulipa, mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya wakili, ukiwa na namba ya fremu na ya injini kama ulivyozisoma mwenyewe kwenye chuma. Wewe na muuzaji wote muwe na TIN. Usilipe yote. Mwambie muuzaji sehemu ya mwisho ataipata umiliki ukishahamishwa TRA. Muuzaji wa kweli atanung'unika kidogo na kukubali. Anayesema ana haraka, basi linaondoka saa kumi na moja, mwache apande basi lake.

Ada za kuhamisha zinalipwa kwa namba ya udhibiti, kwa simu au benki. Mkubaliane mapema nani anazilipa na muiandike kwenye mkataba. Kadi mpya ikitoka, isome hapo hapo dirishani kabla hujaondoka: jina, namba ya fremu, namba ya injini, rangi.