Faida Yangu Ilikuwa Inaishia Jikoni: Mambo Manne Niliyojifunza Tukuyu



Mimi nauza chakula hapa Tukuyu mjini: ndizi, wali maharage na chai ya maziwa. Wateja ninao, hasa asubuhi za ukungu na mvua. Lakini mwaka wa kwanza, kila nikifunga hesabu jioni, mfukoni hola. Nikalaumu bei ya mchele, nikalaumu wanaokopa. Nilipoanza kuandika kila shilingi kwenye daftari ndipo nikamjua mwizi: mkaa. Madebe manne kwa wiki, na mengi yalikuwa yanaishia kwenye maharage.

Kumbe kuna sababu. Tukuyu iko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, siyo 100 kama Dar es Salaam. Ndiyo maana maharage yanachelewa kuiva huku kuliko kule chini Kyela.

Nikaanza kubana matumizi, ila nilianza vibaya. Usiku mmoja wa Julai makaa yalikuwa bado mekundu, nikaona nisipoteze moto. Nikaingiza jiko chumbani tunapolala na wanangu, dirisha nimefunga. Usiku mkubwa akaamka analia kichwa, anatapika. Nataka kusimama, miguu haina nguvu. Nikatambaa hadi mlangoni, nikafungua, nikawatoa nje mmoja mmoja. Aisee, tulipona kwa neema tu. Ile hewa ya sumu ya mkaa haina harufu wala huioni. Jiko la mkaa chumbani siyo kubana matumizi, ni kifo. Naomba hilo ulishike kabla ya mengine yote.

Sasa haya ndiyo yaliyonisaidia:

1. Loweka maharage usiku kucha. Asubuhi mwaga yale maji, weka mengine. Hii haina gharama yoyote, na muda wa motoni unapungua sana.

2. Tumia kapu la joto. Nilichukua tenga la zamani, nikalijaza majani makavu ya migomba na blanketi kuukuu. Maharage yaliyolowekwa nayachemsha kwa nguvu dakika 40, nafunika sufuria vizuri, naizamisha kwenye tenga na kuifunika juu. Baada ya saa tatu au nne yameiva bila mkaa. Usifunue funue, joto linatoka. Ukiyatoa, yarudishe motoni yachemke tena kabla ya kumpa mteja.

3. Usitupe chenga za mkaa. Zile za chini ya gunia nazitwanga, nachanganya na uji mzito wa unga wa muhogo, nafinyanga matonge. Kwa mvua za Rungwe usitegemee jua: nayaanika juu ya chanja chini ya bati hadi yakauke kabisa. Yanawaka taratibu, kwa hiyo ni mazuri kwa kutokosea mchuzi, siyo kwa kuchemshia haraka.

4. Maganda ya ndizi ni mali. Zamani nilikuwa nayamwaga mtaroni, mvua ikija maji yanaziba. Sasa bibi jirani mwenye ng'ombe wa maziwa anayachukua kila jioni, mimi ananipunguzia bei ya maziwa ya chai. Hatuna mkataba, tuna maelewano tu.

Leo daftari linasema madebe mawili na nusu kwa wiki. Ile tofauti niliitenga kwenye kopo, sikuigusa, mpaka nikanunua mtungi wa gesi wa kilo 6 kwa ajili ya chai ya alfajiri. Serikali nayo imeweka mkakati wa 2024 hadi 2034, kwamba asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Ni jambo jema, lakini mtaji wa mtungi mimi niliupata kwenye tenga na majani ya migomba.

Ndugu yangu, kabla hujapandisha bei ya sahani, pima kwanza mkaa wako. Andika wiki moja tu: umenunua kiasi gani, umepikia nini. Inawezekana faida unayoitafuta kwa mteja inaungua hapo hapo jikoni kwako.