Macho ya afisa wa zamu

Alfajiri ya Novemba 8, 2018, manowari ya Norwe, Helge Ingstad, iligongana na meli ya mafuta Sola TS katika Hjeltefjorden, karibu na Bergen. Watu wote 137 waliokuwa ndani ya manowari waliokoka, lakini yenyewe ikazama.

Waongozaji wake hawakuwa wamelala. Taa za Sola TS walikuwa wameziona mapema, ila wakadhani ni za kitu kisichosogea karibu na gati ya Sture, ambako meli hiyo ilikuwa imetoka kupakia mafuta, taa za sitaha zikiwa bado zinawaka. Walipoombwa kwa redio wageukie kulia walikataa, wakihofia kugonga kitu hichohicho.

Ajali za namna hii ndizo zinazofanya utafiti wa macho ya mabaharia uwe na uzito. Afisa huvalishwa miwani yenye kamera ndogo; mwanga usioonekana humulika jicho, na kompyuta hurekodi ametazama wapi na kwa muda gani: dirishani, kwenye rada, au kwenye ramani ya kielektroniki. Kwa kuwa hakuna anayeweza kugonganisha meli za kweli kwa majaribio, kazi kubwa hufanyika katika vyumba vya mazoezi vinavyoiga bahari.

Jicho huona kwa ukali sehemu ndogo mno, takriban upana wa kidole gumba mkono ukiwa umenyooshwa. Kwa hiyo kila sekunde inayotumika kwenye skrini imeondolewa dirishani. Kanuni ya 5 ya sheria za kimataifa za kuzuia migongano, za mwaka 1972, inadai uangalizi wa kuona na kusikia wakati wote.

Tena kuna mtego mbaya zaidi. Meli inayokuja kukugonga haihami upande wowote: ukiipima kwa dira, inabaki palepale huku ikizidi kuwa kubwa. Kinachopita upesi hulivuta jicho. Kinachotulia hupuuzwa, nacho ndicho cha kuogopwa.

Hata hivyo, miwani hiyo ingevaliwa alfajiri ile Hjeltefjorden, huenda ingeonyesha macho yaliyoelekea hasa palipotakiwa. Inapima mtazamo, haipimi maana. Wakufunzi wanaoitumia hawana budi kumuuliza afisa papo hapo: kile ni nini, kinaelekea wapi, na umekipima kwa dira mara ngapi?