Mji Uliopiganiwa, Ukaachwa Bila Mwenyewe

Kila nipitapo mjini Kisii siku ya soko, nikipishana na akina mama waliojitwika ndizi na vijana wa bodaboda, hujiuliza ni wanafunzi wangapi wanaojua kwamba mji huu ulipata kuwa uwanja wa vita. Sisi walimu tu wa kulaumiwa. Twafundisha Vita Vikuu vya Kwanza kana kwamba vilikuwa ugomvi wa Ulaya tu.

Mnamo Septemba 11, 1914, vita vikiwa havijatimiza hata miezi miwili, Wajerumani na askari wao Waafrika, waliotoka upande wa Mwanza, waliingia Kisii, maofisa wa Kiingereza wakiwa wamekwisha kuondoka. Kesho yake kikosi cha KAR kikatokea kwenye vilima vinavyoutazama mji. Risasi zikarindima mchana kutwa. Kapteni Thorneycroft wa KAR akauawa. Askari wake wakaishiwa na risasi, wakarudi nyuma. Ajabu ni kwamba Wajerumani nao, kwa pigo walilolipata, waliuhama mji wakashika njia ya mpakani. Kila upande ulimwachia mwenzake ushindi pasipo kujua!

Mji ukabaki bila mwenyewe. Abagusii, waliokuwa wamepigwa na kunyang'anywa ng'ombe na Waingereza mwaka 1905 na tena 1908, waliamini kwamba utawala ule umekwisha. Wakavamia ofisi, maduka ya Wahindi, na misheni za Nyabururu na Nyanchwa. Waingereza waliporejea, adhabu ilikuwa kali: ng'ombe walitwaliwa, na vijana wakachukuliwa kwenda kubeba mizigo ya vita visivyowahusu.

Nilimsimulia haya jirani yangu mmoja wa Nyamira, mwanajeshi mstaafu aliyetumikia Somalia. Alisikiliza kimya, kisha akasema: "Mwalimu, porini unaogopa mbele na nyuma. Mjini unaogopa juu, chini, na hata mlango ulioupita zamani. Na anayekuchungulia dirishani hujui kama ni adui ama ni mama mwenye nyumba."

Maneno yale yalinifanya niitazame upya historia yetu ya karibuni. Majeshi ya Kenya yalipotua ufukoni karibu na Kismayu mnamo Septemba 28, 2012, Al-Shabaab waliuhama mji upesi. Hata hivyo, majeshi yalikaa siku kadhaa kabla ya kuingia katikati ya mji, kwa hofu ya mabomu yaliyofichwa. Wapo waliowacheka kwa kukawia. Mimi siwacheki, mji mtupu wastahili kuogopwa, na Kisii ni shahidi.

Mwaka uliofuata, vita vya mjini vilitufuata nyumbani. Magaidi walipovamia jumba la Westgate jijini Nairobi, Septemba 21, 2013, waliua watu 67. Polisi waliingia kwanza, wanajeshi wakafuata, na katika mkanganyiko ule ofisa wa kikosi maalumu cha polisi akauawa kwa risasi za wanajeshi. Watumishi wa serikali moja, chini ya paa moja, wasitambuane! Fauka ya hayo, kamera za jumba lile ziliwanasa wanajeshi wakibeba mali ya madukani, na wawili kati yao wakafukuzwa jeshini na kufungwa. Mwaka 1914 raia waliopora maduka waliadhibiwa wao na mifugo yao. Karibu miaka mia baadaye aliyepora alikuwa amevaa sare.

Sisemi kwamba mapigano ya Kisii, yaliyopiganwa zaidi vilimani kuliko barabarani, yalifanana kwa kila hali na ya Westgate. Lakini swali la askari ni lile lile: nani yuko wapi, na nani ni nani? Aghalabu jibu humfikia akiwa amechelewa.

Majuzi niliyasimulia haya kwa darasa la kidato cha tatu. Wavulana waliuliza habari za bunduki: za aina gani, zilifika umbali gani. Msichana mmoja wa kiti cha nyuma akanyosha mkono. "Mwalimu," akaniuliza, "siku hiyo ya mapigano, wenye maduka na watoto wao walijificha wapi?"

Katika vitabu vyote nilivyokuwa navyo mezani, majina ya maofisa yalikuwemo. Ya wenye maduka hayakuwemo.