Luanda Magere na Nunda Wakikutana, Nani Ataanguka?

Tuseme, msomaji, umeketi barazani baada ya sala ya alasiri, na mbele yako vijana wawili wanabishana. Mmoja ni wa Mji wa Kale, Mombasa. Wa pili kwao ni Kendu Bay, kwenye Ghuba ya Winam, kaunti ya Homa Bay. Wa Mombasa ashikilia kwamba hapajatokea zimwi la kushinda Nunda mla watu. Wa Kendu Bay acheka. Asema Nunda angevunjika meno siku ya kukutana na Luanda Magere. Je, nani mkweli?

Nunda twamjua. Ni yule paka wa Sultani Majnuni aliyeanza na wanyama akaishia kwa watu, mpaka akauawa na mwana wa mwisho wa sultani, yule aliyedharauliwa kwa kukaa jikoni. Kisa chake kilitiwa kitabuni na Askofu Edward Steere mwaka 1870.

Luanda Magere huenda baadhi yetu hatumjui. Kendu Bay ni bandari ya ziwani yenye msikiti mkongwe, na Waswahili na Wahindi wameijua kwa biashara. Lakini usiku unapoingia, hadithi za huko ni za Wajaluo. Wasimulia kwamba upande wa Kano alikuwako shujaa ambaye mwili wake ulikuwa jiwe. Mikuki ya Wanandi ilimgonga ikapinda. Walipochoka wakampa binti yao awe mkewe. Siku moja shujaa akaugua, akamwambia mke achanje kivuli chake, si mwili, ndipo apake dawa. Mke akachanja, damu ikatoka. Usiku ule ule akatoroka kwenda kwao na siri. Vita vilivyofuata mkuki ulielekezwa kivulini, na Luanda Magere akaanguka, akawa jiwe. Kikulacho ki nguoni mwako.

Basi turudi barazani. Ugomvi wa vijana wetu hauwezi kwisha, kwa sababu kila mmoja ana hadithi na hakuna sheria inayowaunganisha. Sheria hiyo imetungwa mbali, nchini Japani. Mwaka 1996 mchoraji Kazuki Takahashi alianza kuchora hadithi iitwayo Yu-Gi-Oh!, na mwaka 1999 kampuni ya Konami ikatoa karata zake. Hazina shupaza wala kopa, uru wala pau. Kila karata ina picha, nyingi zikiwa za mazimwi, na kila zimwi huandikiwa nguvu zake.

Sheria zenyewe si ngumu. Kila mchezaji ana jozi yake ya karata 40 hadi 60, huanza na karata tano mkononi, na uhai wake ni pointi 8,000. Zamu yake ikifika, kwa kawaida huita zimwi moja uwanjani. Zimwi lenye nyota nne au chini huja bure. La nyota tano au sita lataka utoe zimwi lako moja lililoko uwanjani liende makaburini. La nyota saba na kuendelea lataka mawili. Mwenye pupa ya vikubwa hulipa kwanza.

Karibu kila zimwi lina nambari mbili, ya kushambulia na ya kujikinga. Likisimamishwa wima, lashambulia. Likilazwa ubavu, lajikinga. Hapa ndipo utamu ulipo, na tuchore karata za vijana wetu ili tuelewe. Nunda tumpe shambulizi 2,000 na kinga 1,200. Luanda Magere, kwa kuwa ni jiwe, tumpe shambulizi 1,800 na kinga 3,000.

Wakisimama wima wote wawili, Nunda ashinda. Luanda Magere aenda makaburini, na mwenyewe apunguziwa tofauti, yaani pointi 200 za uhai. Nguvu zikilingana, wote wawili huanguka na hakuna anayepunguziwa.

Lakini kijana wa Kendu Bay akiwa na akili atamlaza shujaa wake ubavu. Nunda akimrukia kwa 2,000, akuta jiwe la 3,000. Nunda hafi, ila mwenye Nunda apoteza pointi 1,000. Meno yamevunjika kweli! Na lau kinga ingekuwa ndogo kuliko shambulizi, aliyelala angekufa, lakini mwenyewe asingepunguziwa hata pointi moja. Ndiyo maana mchezaji dhaifu hujificha nyuma ya walalao. Asiye na zimwi lolote uwanjani hupigwa yeye mwenyewe, na zile 2,000 zote humwingia mwilini.

Tena zimwi laweza kulazwa kifudifudi, adui asijue ni nani mpaka amshambulie. Na ziko karata za mitego. Mmoja wapo ni wa gharika. Adui akiita zimwi tu, maji huzoa mazimwi yote ya pande zote mbili. Mtoto wa Kendu Bay hahitaji kufundishwa huo. Karibu na mji wake liko ziwa Simbi Nyaima, maji ya chumvi ndani ya shimo la volkano. Wenyeji husimulia kwamba hapo palikuwa kijiji kilichomfukuza bibi kizee usiku wa sherehe. Mvua ikanyesha, kijiji kikazama. Aliyenusurika ni mwanamke aliyemkaribisha.

Ila Luanda Magere ana jambo ambalo nambari hazilisemi. Ili karata yake iwe ya kweli, chini ya picha ingebidi kuandikwa: siri ya kivuli ikijulikana, kinga yake ni sufuri. Hapo hata mwana mbuzi mwenye shambulizi la 100 amwangusha. Nunda naye angeandikiwa kwamba hana kinga mbele ya aliyedharauliwa. Karatani udhaifu huo huandikwa, na ukishafunuliwa wote wawili wausoma. Katika maisha hauandikwi popote, na anayeujua ni yule tunayelala naye nyumba moja.

Sasa mzazi atauliza: je, mchezo huu hauna kamari? Swali ni la haki. Mwaka 2001 Saudi Arabia ilipiga marufuku Pokémon, karata nyingine za Kijapani, na hoja mojawapo ilikuwa hiyo. Pambano lenyewe ni hesabu na busara. Shaka iko dukani, kwa kuwa pakiti huuzwa imefungwa, na mtoto hutoa pesa asijue ndani mna karata adimu au takataka. Wakiwekeana karata kwa dau, shaka imekwisha, ni maisiri.

Lakini nani amesema lazima tununue? Boksi la sabuni, mkasi na kalamu vyatosha. Mtoto wa Kendu Bay na achore Luanda Magere, wa Mombasa amchore Nunda. Kabla ya kuandika nambari, itambidi kila mmoja amwendee bibi yake amwulize: zimwi hili liliuawaje? Hadithi isiyoulizwa huzama kama kijiji cha Simbi, na hakuna zamu ya pili ya kuiita.