Kutoka Kitandani Hadi Chooni

Hujafa hujaumbika, ndivyo walivyonena wahenga wetu. Methali hii twaiandika sana katika insha ili mwalimu atuongezee alama, kisha twaisahau papo hapo. Lakini ndugu msomaji, hebu itazame tena. Yatuambia kwamba mtu yeyote, awe kijana hodari wa kandanda au mama wa kubeba gunia la kahawa mgongoni, anaweza kuamka siku moja asiweze kutembea vizuri. Kuna wanaoanguka kutoka juu ya miti, kuna wanaogongwa na bodaboda, kuna wanaopatwa na kiharusi, na kuna wale wanaojaliwa tu kuishi miaka mingi hadi magoti yakakataa kazi. Wote hao hurudi katika nyumba ile ile waliyoizoea, na kumbe sasa nyumba yenyewe imegeuka kuwa kikwazo.

Jambo hili latuhusu sana sisi wa upande huu wa Mlima Kenya. Katika sensa ya mwaka wa 2019, watu karibu 900,000 nchini Kenya wenye umri wa miaka 5 na zaidi walihesabiwa kuwa na ulemavu, yaani asilimia 2.2. Katika Kaunti ya Embu kiwango kilikuwa asilimia 4.4, nacho ndicho kilichokuwa cha juu kuliko kaunti zote 47. Na katika aina zote za ulemavu zilizohesabiwa nchini, shida ya kutembea ndiyo iliyoongoza. Katika kila watu 10 wenye ulemavu, 4 hivi walikuwa nayo.

Wengi wakisikia habari ya kurekebisha nyumba kwa ajili ya mtu asiyeweza kutembea vizuri, hufikiria pesa nyingi na vifaa vya kutoka ng'ambo, kisha hukata tamaa kabla ya kuanza. Mimi nasema tuanze na njia moja tu, ile ya kutoka kitandani hadi chooni. Chakula mtu anaweza kuletewa, na redio pia anaweza kusogezewa. Lakini mtu mzima anayelazimika kumwita mjukuu wake kila anapotaka kwenda haja amepoteza kitu ambacho hakiuzwi dukani, nacho ni heshima yake.

Nyanya yangu mzaa mama anaishi karibu na Nkubu, kule Meru, mahali penye miteremko na udongo mwekundu. Mvua ya Aprili au ya Novemba ikinyesha, udongo ule huteleza kama sabuni. Choo chake cha shimo kiko nyuma ya nyumba, upande wa chini, kama hatua 40 hivi. Mwaka juzi aliteleza usiku katika njia hiyo akavunjika mfupa wa nyonga. Alipotoka hospitalini na fremu ya chuma ya kutembelea, tuliona ameanza mazoea mapya. Ikifika saa tisa alasiri hanywi tena chai wala maji. Mama alipomwuliza sababu, alijibu, "Nikinywa, usiku nitaenda wapi?" Sasa, mzee anayekosa maji mwilini hushikwa na kizunguzungu, na kizunguzungu humwangusha tena. Yaani ile njia mbaya ilikuwa ikimdhuru hata akiwa ameketi kitini.

Basi tuifuate njia hiyo hatua kwa hatua, tuone panahitajika nini.

Kwanza ni kitanda chenyewe. Mtu akiketi ukingoni, nyayo zake zikanyage sakafu vizuri na magoti yakunjike kama yuko kwenye kiti. Kwa watu wengi huo ni urefu wa sentimita 45 hadi 50. Kitanda kilicho chini mno humfanya mtu ajivute kwa nguvu, halafu ayumbe. Fundi anaweza kukiinua kwa vigogo vilivyochongwa shimo katikati ili miguu ya kitanda isichomoke. Taa nayo, iwe ya stima au ya sola, iwe mahali ambapo mkono unafika kabla miguu haijagusa chini. Na yale magunia ya kupangusia miguu na mikeka iliyojikunja pembeni, yaondolewe njiani. Hayo ni mitego.

Pili ni mlango. Kiti cha magurudumu cha mtu mzima huwa na upana wa sentimita 60 hadi 70, na mikono inayozungusha magurudumu huhitaji nafasi zaidi. Mlango wa sentimita 80 ukiwa wazi ndio wa kuanzia, na wa 90 ni bora. Milango mingi ya vyumba vya kulala kwetu ni ya futi 2 na nusu, yaani sentimita 76, na ukitoa unene wa fremu na wa mlango wenyewe, pengine zinabaki 68. Ndivyo ilivyokuwa kwa jirani yetu hapa Embu, kijana aliyeanguka kutoka juu ya mti wa makadamia akaumia uti wa mgongo. Alipewa kiti kizuri, lakini kilimfikisha sebuleni tu. Kila usiku ndugu yake alimwinua na kumbeba hadi kitandani. Siku moja alisema kwa uchungu, "Mimi si gunia la viazi." Kwa kuwa nyumba yao ni ya mbao, fundi aliukata ukuta na kuupanua mlango kwa siku moja tu. Pale ambapo ukuta ni wa mawe, mlango unaweza kung'olewa na pazia likatundikwa, na hapo sentimita 4 hivi zinapatikana bila kubomoa kitu. Kizingiti cha chini pia kiondolewe, au kijaziwe saruji kwa mteremko mdogo pande zote mbili.

Tatu ni ngazi za nje. Huku kwetu nyumba nyingi zimeinuliwa kwa sababu ya unyevu na mchwa, kwa hiyo hazikosi ngazi mbili au tatu. Hapa ndipo penye hesabu, na naomba mwalimu wetu wa hisabati anisikilize. Kanuni inayotumiwa na wajenzi wengi ni 1 kwa 12. Kila sentimita 1 ya kupanda yataka sentimita 12 za urefu. Ngazi mbili za sentimita 15 kila moja ni sentimita 30, na 30 mara 12 ni 360. Basi mteremko wa kupandia nyumba hiyo uwe na urefu wa mita 3 na sentimita 60. Kwa yule jirani yetu, watu wenye moyo mwema walikuwa wametengeneza mteremko wa mita 1 na kitu. Alipojaribu kuupanda peke yake, kiti kilipinduka kinyumenyume, na Mungu saidia hakuumia. Ulibomolewa, ukajengwa mwingine kwa kuifuata kanuni. Kama uwanja hautoshi, mteremko unaweza kukunjwa katikati, mradi pale kwenye kona pawe tambarare na kiti kiweze kugeuka, yaani mita 1 na nusu kila upande.

Saruji ya mteremko isilainishwe kama sakafu ya sebule. Ikiwa bado mbichi, ipitishwe ufagio wa vijiti kutoka upande hadi upande ili ibaki na mikwaruzo ya kushika magurudumu na viatu wakati wa mvua. Pembeni pawekwe ukingo mdogo, gurudumu lisitoke nje.

Nne ni njia ya uani. Kokoto zilizomwagwa tu hazifai, maana magurudumu huzama na mkongojo huteleza. Afadhali murram iliyoshindiliwa sawasawa, na mfereji wa kupitisha maji upande wa juu ili mvua isiikate njia. Kwa nyanya, mjomba alichimbia nguzo za mukima kutoka mlango wa nyuma hadi chooni, akazipigilia mti mrefu ulioparuzwa vizuri, kimo cha kiuno cha nyanya mwenyewe. Miti ile ilitoka shambani, kwa hiyo kilichonunuliwa kilikuwa misumari tu. Nyanya huushika mti ule kwa mkono mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, hata gizani.

Tano ni choo. Mtu mwenye magoti mabovu hawezi kuchuchumaa, na akichuchumaa hawezi kuinuka. Seremala anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu, kiwekwe juu ya shimo na kifungwe kisisogee. Ukutani pawe na mti au bomba la kushika, limefungwa kwenye nguzo imara, si kwenye mabati, maana siku atakapolihitaji kweli atalitegemea kwa uzito wake wote. Tena mlango wa choo ufunguke kwa nje. Mwajua kwa nini? Mtu akianguka ndani, mwili wake huuzuia mlango unaofunguka kwa ndani, na wanaokuja kumwokoa wanabaki wakisukuma huku yeye akiumia. Nje pawekwe kibuyu chirizi cha kunawia mikono, kwa kimo ambacho aliyeketi anakifikia.

Nikimaliza choo, niseme machache kuhusu jikoni. Mafiga matatu yaliyo chini humlazimisha mwenye mgongo mbovu kuinama juu ya moto, na sufuria ikimponyoka humwagikia miguu yake mwenyewe. Jiko la udongo lililoinuliwa hadi kimo cha kiuno laweza kumwepusha na hatari hiyo. Kwa mpishi anayeketi, jiko na meza viwe chini kidogo, na chini ya meza pabaki wazi magoti yaingie. Maji yawekwe katika mitungi midogo badala ya mtungi mmoja wa lita 20.

Jambo kubwa kuliko yote ni kumwuliza mwenyewe. Sisi vijana tuna mazoea ya kuamua tu. Nyanya alipoulizwa, alisema mti wa kushika uwe upande wa kushoto wakati wa kurudi, kwa sababu kupanda ndiko kunakomchosha, na mkono wake wa kulia una baridi yabisi. Hakuna fundi angejua hayo.

Wala haya si mambo ya huruma peke yake. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa na kuitwa kwa heshima, na haki ya kufika mahali pote ipasavyo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ndiyo iliyoanzisha Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, na mwaka wa 2025 Bunge lilipitisha sheria mpya badala yake. Aliyesajiliwa na Baraza anaweza kuomba msaada wa vifaa, kama vile viti vya magurudumu. Lakini kiti hakipanui mlango, na sheria haijengi njia ya uani. Kazi hiyo ni yetu sisi wa nyumbani.

Wenzangu wanachama, shule yetu ni ya kutwa. Wenzetu wa bweni husubiri likizo, ila sisi twarudi nyumbani kila jioni. Leo chukueni rula na kamba, mpime mlango wa chumba cha babu au nyanya, mpime kimo cha ngazi na kukizidisha kwa 12, kisha mtembee kutoka kitandani hadi chooni usiku, polepole, mkiwa mmeshika fimbo. Mtakachojikwaa ndicho cha kuanza nacho. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyanya yangu sasa anakunywa chai yake saa kumi na mbili jioni, tena kikombe kikubwa, na akisikia haja usiku huwasha taa na kwenda zake bila kumwamsha mtu.