Rupia Haivuti Mchele, Mwanangu

Oya, tuelewane mapema. Ukiwa Kilambo unasubiri kivuko cha kwenda ng'ambo, halafu akatokea mchizi kavaa koti juani, akakuvuta pembeni na kukufunulia kitambaa chenye "rupia ya Mjerumani inayovuta mchele", cheka. Cheka tena. Hakuna chuma kinachovuta mchele. Kingekuwepo, mama ntilie wote wa Mtwara wangekuwa na maghorofa Shangani.

Wazee ndio wamelikoroga. Muulize mzee yeyote wa kitaa habari za sarafu ya Mjerumani: ina jini, ina nyoka mlinzi, imefukiwa chini ya mbuyu. Mbuyu upi? Wote. Kuanzia Mikindani hadi Msimbati kila mbuyu una hazina, na kila mzee ana ramani ila tu macho hayaoni vizuri siku hizi. Na msimu wa korosho ukifika, washkaji wakishika mshiko, ndipo wenye makoti wanapoonekana. Watu wanapigwa mita nzima kwa kipande cha bati.

Stori ya kweli ndiyo kali, na haina jini.

Mwaka 1890 ilianza kampuni, siyo serikali. DOAG, Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki, ikatoa hela zake yenyewe. Ile sarafu ya shaba iliyoitwa pesa ina tai upande mmoja, upande wa pili Kiarabu kitupu, kwa sababu wafanyabiashara wa Pwani walisoma Kiarabu na Kijerumani hawakuwa na habari nacho. Pesa 64 ndiyo rupia moja. Sitini na nne! Hebu mfikirie konda anakurudishia chenji. Rupia yenyewe ni ya fedha, gramu 11.66, uzito uleule wa rupia ya Mhindi iliyokuwa inatamba Pwani nzima. Mjerumani alikopi, kisha akamweka Kaisari Wilhelm II na helmeti yenye tai juu. Tai mzima, kichwani, mabawa nje. Bishoo namba moja wa Kusini, na Mikindani hakuwahi kukanyaga.

Mwaka 1904 serikali yao ikaipiga chini ile hesabu ya 64. Rupia moja ikawa heller 100, na hapo ndipo koleksheni yangu ilipo. Mpenzi wangu ni heller 5 ya 1908 na 1909. Iweke kiganjani: dude la gramu 20 hivi, shaba iliyoiva kahawia, taji upande mmoja, shada la majani upande wa pili, na kaherufi J kadogo. J ni kiwanda cha pesa cha Hamburg. Kwenye nyingine utakuta A, hiyo Berlin. Tapeli wa koti hajui hiyo J ni nini. Muulize uone anavyotoka jasho.

Na ukisikia heller imeokotwa kule Msumbiji, usishangae. Kionga, kusini ya mdomo wa Ruvuma, Mjerumani aliinyakua 1894. Mreno akairudisha 1916, mkataba wa Versailles ukapigilia msumari. Kwa hiyo pale ambapo leo unahangaika na metikali, heller ililipa fresh tu.

Sasa aibu. Mtu anapata heller safi, kahawia tamu ya miaka mia na zaidi, anaisugua kwa ndimu na majivu ing'ae kwenye stetasi. Umeua, boya wewe! Ile kahawia ndiyo bei yenyewe. Na nyie mnaotoboa rupia kwa msumari mpate cheni, mmetumwa? Kuna sarafu zilizozaliwa na tundu: heller 10 ya 1908, senti kumi za Mwingereza. Pitisha kamba, piga picha, kausha.

Za bei mbaya? Tabora, 1916. Mjerumani kabanwa na vita, meli zake haziingii, hela imekata. Karakana ya reli ikageuzwa kiwanda cha pesa. Dhahabu ya mgodi wa Sekenke ikapigwa kuwa sarafu za rupia 15, tembo kainua mkonga, mlima nyuma yake. Zilitoka elfu 16 na kidogo tu. Leo moja ni maelfu ya dola, kwa hiyo wewe na mimi tuiangalie onlaini na kulala. Ndugu yake maskini ni heller 20 ya Tabora, mwaka huohuo. Kazi ya haraka, herufi zimekaa kilevi. Mimi naipenda hivyohivyo.

Za masultani wa Kilwa ni za kuheshimu, siyo za kuchimba. Ukikutwa na jembe kwenye magofu, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakuhusu. Ila jua hili: mwaka 1944 mwanajeshi mmoja, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tano za Kilwa ufukweni kwenye visiwa vya Wessel, Australia. Sarafu ya Kilwa imefika Australia. Wewe hata Lindi hujafika.

Dili lenyewe sasa, na usilitangaze. Edward VIII alikuwa mfalme wa Uingereza kuanzia Januari hadi Desemba 1936, akabwaga taji kwa ajili ya demu. Kwao sarafu zenye sura yake hazikuwahi kuingia mtaani; moja ya dhahabu iliuzwa pauni milioni 1 mwaka 2020. Huku kwetu, chini ya Mwingereza? Senti tano na senti kumi zina tundu katikati, sura haina pa kukaa, inahitajika jina tu. Zikapigwa, zikaletwa, zikanunua chumvi. Leo bado ni za bei ya soda.

Babu yako ana kopo lake chini ya kitanda. Mpelekee sukari kilo mbili, mwambie unatafuta vyuma vya kufanyia chubwi za mshipi. Akianza stori za jini, itikia tu huku unasoma. Unatafuta EDWARDVS VIII. Za GEORGIVS, yaani Mfalme George, mrudishie.