Je, Wajua? Watu Wasiokuwepo

Hapa Kizwite, mkoani Rukwa, mgeni akimaliza wiki moja tu mtaani, majirani wameshajua ametoka kijiji gani na ni mtoto wa nani. Mtandaoni mtu hukaa miaka, akapendwa hata akalindiwa siri zake, na hakuna anayeijua sura yake!

"Joan" alikuwa mwanamume
Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watumiaji wa CompuServe, huduma ya Marekani iliyounganisha kompyuta kupitia nyaya za simu, walimpenda sana Joan, mwanamke mlemavu asiyeweza kusema. Kumbe alikuwa daktari wa magonjwa ya akili wa New York, mwanamume! Jarida la Ms. lilisimulia kisa hicho mwaka 1985. Waliomwamini waliumia kama waliofiwa, ingawa marehemu hakuwahi kuzaliwa.

Mbwa wa milioni 400
Mwaka 1993, Peter Steiner alichora kwenye The New Yorker mbwa aliyekaa mbele ya kompyuta, akimweleza mwenzake kuwa kwenye intaneti hakuna atakayekujua kuwa wewe ni mbwa. Mwaka 2023 mchoro huo halisi ulipigwa mnada kwa dola 175,000, zaidi ya shilingi milioni 400. Hiyo ni bei ya kundi zima la ng'ombe!

Nchi ambayo kila mtu ni mkuu
JamboForums, jukwaa la mijadala ya mtandaoni hapa Tanzania, ilianza mwaka 2006, ikawa JamiiForums mwaka 2008. Humo mjadala huitwa "uzi", na watu huitana "mkuu". Profesa na fundi baiskeli wanaweza kubishana usiku kucha kwenye uzi mmoja bila kujuana. Cheo hakionekani, kinachopimwa ni hoja.

Dunia ilimtafuta msichana wa kubuni
Juni 2011 zilienea habari kwamba Amina, mwandishi wa mtandaoni wa Damascus, Syria, ametekwa na watu wenye silaha. Wanaharakati wakahaha kumtafuta. Siku chache baadaye ikabainika kuwa mwandishi ni Tom MacMaster, Mmarekani wa miaka 40 aliyekuwa akisoma Edinburgh. Hata picha za "Amina" zilikuwa za mwanamke wa London, asiye na habari!

Alikamatwa kwa kutunza siri
Desemba 2016, Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa JamiiForums, alikamatwa Dar es Salaam baada ya kukataa kuwapa polisi taarifa za wachangiaji wake. Mwaka 2019 CPJ, shirika linalotetea waandishi wa habari, lilimpa Tuzo ya Kimataifa ya Uhuru wa Habari. Kumbe jina la bandia huweza pia kuwa ngao ya mtu anayefichua ufisadi.

Sura iliyofichwa iko jirani
Ripoti za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) za mwaka 2024 ziliutaja mkoa wetu wa Rukwa, pamoja na Morogoro, miongoni mwa vinara wa majaribio ya utapeli wa simu. Mama anapima maharage sokoni, simu inatoa mlio wa ujumbe: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Mtego hunasa kwa sababu wengi wetu kweli tuna hela ya kutuma: kodi ya nyumba, ada ya mtoto. Ukiupata ujumbe huo, usitume hata shilingi. Mpigie uliyetarajia kumtumia hela kwa namba yake ya siku zote, kisha utume ujumbe huo kwenda namba 15040. Na piga *106# leo, uone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa jina lako.